Omo ya Zulu, Tezi ya Nubian

Waungwana wa lugha, niruhusuni leo nianzie baharini, kisha nitatia nanga kwenye kalamu zetu.

Kuanzia mwaka 1905 jeshi la majini la Uingereza liliagiza manowari 12 nyepesi, zenye kasi ya maili 33 za baharini kwa saa, kazi yao kuwinda na kuangamiza boti za topido. Zikapewa majina ya makabila na mataifa: Maori, Mohawk, Cossack, Zulu, Nubian na mengineyo. Kila kiwanda kilichora chombo chake, hivyo zikawa ndugu, si pacha. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Nubian ilipigwa topido ikapoteza omo. Zulu ikagonga bomu la baharini ikapoteza tezi. Mafundi wa Chatham wakaiunga omo ya Zulu na tezi ya Nubian, ingawa upana wake ulipishana kwa inchi 3.5. Juni 1917 chombo hicho kikaingia kazini, na jina lake likaungwa vilevile: Zubian.

Najua wapenda istilahi watashangilia: huo ndio uhulutishaji! Naam, ndio. Lakini nawauliza: ni fundi gani angezikata manowari mbili nzima ili apate moja?

Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Tulipohitaji jina la hati ya kumkataza mtu kunakili uvumbuzi wa mwenzake, hapakuwa na neno. "Hati" na "kataza" zikazaa "hataza". Pengo lilikuwapo, likazibwa. Lakini "chakula cha jioni" kilikuwa na ufa gani hata tukipige msumeno tupate "chajio"? "Chakula cha mchana" kilivuja wapi hata kiwe "chamcha"? Vyombo hivyo vilikuwa vikielea, na hadi leo vinaelea katika kila nyumba.

Washairi mtanijibu kwamba mizani inabana. Jibu hilo silipokei. Wahenga walituachia inkisari, nayo hulifupisha neno ndani ya mshororo bila kulidai limfuate msomaji hadi jikoni. Ruhusa ya mshairi si sheria ya kamusi.

Nisijifanye msafi. Nikifundisha chuo cha ualimu, nilimkata alama mwanachuo aliyeandika "chakula cha jioni" mahali nilipotaka "chajio". Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, nikimkaribisha mama yangu chajio, atajua kuwa namwita mezani?" Nilimkemea mbele ya wenzake, akaketi. Alama zile sikumrudishia. Leo nimestaafu, na swali lake bado sina jibu lake. Kosa lilikuwa langu: nilimwadhibu mtu kwa kusema Kiswahili ambacho mama yake anakielewa.

Basi ninyi mnaounda maneno, kabla ya kushika msumeno kagueni kwanza. Kuna kilichovunjika? Kuna pengo? Kama lipo, ungeni bila woga, hata kama mbao zinapishana inchi tatu. Kama halipo, uwekeni msumeno chini. Ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ya lugha ni wasemaji wake.