Aliyeuliza duka la Juma asipelekwe kwa Hamisi

Mgeni akishuka mjini akauliza duka la Juma, mwenyeji muungwana humwonyesha duka la Juma. Akimwambia kuwa Hamisi naye anauza bidhaa hiyo hiyo kwa bei nafuu, hajakosea. Lakini akimfikisha kwa Hamisi na kumwacha adhani yuko kwa Juma, huo ni udanganyifu.

Ndivyo mambo yalivyo katika intaneti. Wengi wetu tulio ughaibuni, tunapotaka kutuma fedha nyumbani au kukata tiketi ya ndege, huandika jina la kampuni tunayoiamini katika Google na kubonyeza linalotokea juu. Mara nyingi linalotokea juu ni tangazo, na huenda aliyelilipia ni mshindani wa kampuni tuliyoitafuta.

Google iliruhusu jambo hilo Marekani na Canada mwaka 2004, kisha Uingereza na Ireland mwaka 2008. Wenye majina wakaenda mahakamani. Tarehe 23 Machi 2010, katika kesi ya Louis Vuitton, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa Google haivunji haki ya alama ya biashara kwa kuuza maneno ya kutafutia. Anayeweza kuwajibishwa ni mtangazaji, iwapo tangazo lake linamfanya mtumiaji wa kawaida ashindwe, au apate taabu, kujua bidhaa inatoka kwa nani.

Kipimo hicho si chepesi. Marks & Spencer walinunua neno "Interflora" ili kutangaza maua yao. Kwa kuwa Interflora ni mtandao wa wauza maua wengi wanaojitegemea, mteja angeweza kudhani Marks & Spencer nao wamo. Mahakama Kuu ya Uingereza iliipa Interflora ushindi mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Kwa maoni yetu, msingi huo ni wa haki. Jina likifungwa kabisa, muuza vipuri vya Toyota atatangazaje bila kutaja Toyota? Ushindani nao hushusha ada za kutuma fedha, na hiyo ni nafuu kwa wazee wetu wanaozisubiri.

Tusichokubaliana nacho ni mzigo kumwelemea mwenye jina peke yake. Google huzuia alama ya biashara isitumike katika maandishi ya tangazo pale tu mwenyewe anapolalamika. Kampuni kubwa ina mawakili wa kukesha. Wakala mdogo wa tiketi, ambaye pengine hata hakusajili jina lake, ana nani?

Hivyo tunasema mambo matatu. Wenye mitandao wahakikishe jina la aliyelipia tangazo linasomeka waziwazi, si kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Wafanyabiashara wetu wasajili majina yao kila wanakofanyia kazi, kwani kwa kawaida usajili wa nchi moja hauna nguvu katika nyingine. Hata Tanzania Bara na Zanzibar kila upande una usajili wake.

Nasi wasomaji, kabla ya kuandika namba ya kadi, tusome anwani ya tovuti tuliyoingia. Fedha zikishafika kwa asiyekusudiwa, sheria za London au Luxembourg hazitazirudisha kesho asubuhi, na huko nyumbani ada ya shule inangojwa.