Kura za redioni si idadi ya wateja

Wakala wa matangazo ya redio akiingia kwenye duka la pembejeo, mara nyingi huanza na habari za kipindi cha nyimbo bora. Mwenye duka ataambiwa kuwa kipindi kinapokea kura maelfu kwa maelfu, kwamba wilaya nzima inakisikiliza, na kwamba tangazo la mbegu zake likipita kabla ya wimbo namba moja atamaliza mzigo wote. Hapo ndipo fedha ya mtaji hutoka. Kwa maoni yangu, kabla hajalipa aulize: hizo kura ni za watu wangapi?

Tuangalie Australia, ambako redio ya Triple J huwapigisha wasikilizaji kura kila mwaka kupata nyimbo 100, orodha inayoitwa Hottest 100. Ilianza mwaka 1989. Katika orodha ya nyimbo za mwaka 2019, iliyoongozwa na “Bad Guy” wa Billie Eilish, zilipigwa kura zaidi ya milioni 3.2. Kwa nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 25, msikiaji wa haraka atadhani zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi alipiga kura. Lakini kila mpiga kura huchagua hadi nyimbo 10. Ukigawanya unapata watu kama 320,000, au zaidi kidogo kwa kuwa huenda si wote waliojaza kumi. Hiyo ni mtu mmoja na ushei katika kila 100. Bado ni wengi, ila hesabu imebadilika sana.

Na hao ni waliojisumbua kupiga kura. Mama anayepalilia huku redio imening'inia mtini hapigi kura ya wimbo wowote, na yeye ndiye mnunuzi wa mbegu.

Kuna pia suala la nani analipia kura. Triple J iko chini ya shirika la utangazaji la umma, ABC, haipigi matangazo ya biashara, na kura yake ni bure. Hata hivyo imebidi kuilinda. Januari 2015 ilizuka kampeni mtandaoni ya kuuingiza wimbo “Shake It Off” wa Taylor Swift, na kampuni ya kuku wa kukaanga ya KFC ikaidandia kujitangaza. Redio ikauondoa wimbo huo kwenye kinyang'anyiro. Mashabiki walilalamika, na siwalaumu, lakini kura iliyochanganyika na biashara ya mwingine haina faida kwa anayetaka kujua watu wanapenda nini.

Hapa kwetu mashindano mengi yameendeshwa kwa ujumbe mfupi wa simu, tena unaotozwa zaidi ya ujumbe wa kawaida. Katika utaratibu huo, kama hakuna kikomo, mwenye fedha anaweza kugawa vocha kwa vijana watano wakatuma kura 500 kabla ya jua kuzama. Mkulima aliyeumizwa na lumbesa anajua kuwa gunia si kipimo, kipimo ni kilo. Kura ni gunia. Kilo ni namba za simu zilizopiga kura, kila moja ikihesabiwa mara moja tu, na zinatoka wapi.

Basi mwulize wakala namba hizo. Wakati ukisubiri, weka daftari kaunta na kwa wiki mbili muulize kila mteja anasikiliza redio gani na saa ngapi. Haikugharimu kitu zaidi ya kalamu. Kama wengi watataja taarifa ya habari ya asubuhi au kipindi cha salamu, omba bei ya tangazo la saa hiyo, uilinganishe na ya kipindi cha nyimbo bora, ndipo mkae mezani kuzungumza punguzo.