KIWANDA TUNAKITAKA, LAKINI MASHARTI YATANGULIE

Ndugu wanaushirika na ndugu wanakijiji wote,

Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji unaokuja liko ombi moja zito. Mwekezaji ameomba eneo kule bondeni, karibu na kijito, ajenge kiwanda cha kuchanganya na kufungasha dawa za kuulia wadudu wa pamba. Maneno yamekuwa mengi, kilabuni na mashineni. Wengine wanasema, "Kije hata kesho, vijana wapate kazi." Wengine wanasema, "Sumu hatutaki, basi." Sisi tunaona pande zote mbili zimeamua kabla ya kuuliza. Msimamo wetu ni huu: kiwanda tunakitaka, lakini masharti ya usalama yatangulie, na sisi majirani tuyajue kabla ya kunyoosha mikono.

Kwa nini tunasema hivyo? Hebu tuwatazame wenzetu wa mji wa Bhopal, kule India. Nao walikuwa na kiwanda cha dawa ya wadudu, mali ya kampuni ya Union Carbide. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia ndani ya tangi la kemikali kali. Kemikali ile na maji havipatani hata kidogo. Tangi likachemka, na tani zipatazo 40 za gesi ya sumu zikatoka na kutambaa chini chini hadi kwenye vibanda vya maskini, ng'ambo tu ya barabara. Watu walikuwa wamelala. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787, na watetezi wa waathirika wanasema waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Waliodhurika macho, mapafu na viungo vingine walizidi 500,000.

Sasa sikilizeni vizuri, maana fundisho liko hapa. Kiwanda kile hakikukosa vyombo vya usalama. Vilikuwapo! Ulikuwapo mtambo wa kupoza tangi, lakini ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Ulikuwapo mnara wa kuchomea gesi inayotoroka, lakini bomba lake lilikuwa limefunguliwa likingoja matengenezo. Ulikuwapo mtambo wa kusafisha gesi, nao haukuwa tayari kwa kazi kubwa namna ile. Kilikuwapo na king'ora cha kuonya raia, kikalia kidogo kikazimwa. Biashara ilikuwa imeshuka, basi wakubwa wakapunguza gharama na kupunguza wafanyakazi wa zamu. Mwaka 1981 mfanyakazi mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa gesi humo humo. Mwaka 1982 wakaguzi wa kampuni yenyewe walikuta kasoro nyingi wakaziandika, na mwandishi mmoja wa gazeti wa pale pale mjini akapiga kelele. Hawakusikilizwa. Ajali ile watu waliiona usiku mmoja, lakini ilikuwa imepikwa kwa miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenzetu wale walijenga makaburi.

Jambo la pili: majirani hawakujua kitu. Hawakujua mle ndani mna nini, wala wakimbilie wapi. Hata waganga hospitalini hawakuambiwa mapema ni gesi gani ile, watibu vipi.

Msidhani ni viwanda tu. Ghala nalo huua. Mjini Beirut, Lebanoni, tani 2,750 za kemikali inayotumika pia kutengenezea mbolea ziliachwa ghalani bandarini tangu mwaka 2014. Barua za kuonya ziliandikwa, zikazungushwa ofisini. Tarehe 4 Agosti 2020 zikalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa.

Atasema mtu, "Sisi tunazo sheria." Kweli tunazo. Iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wasimamizi wake ni OSHA. Iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini sheria haina mikono ya kufunga bomba. Mikono ni ya watu, na mkaguzi hakai hapa kijijini. Anayekaa hapa ni wewe na mimi.

Kwa hiyo tunapendekeza mwekezaji aje mkutanoni ajibu maswali haya:

1. Ataleta kemikali gani, kiasi gani, na zitakaa wapi? Orodha ibandikwe ukuta huu huu, kwa Kiswahili.

2. Tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika? Vibali viko wapi? Tuvione, siyo kuambiwa vipo njiani.

3. Maji ya kuoshea mitambo yatakwenda wapi? Kijito kile kinanywesha watu na ng'ombe.

4. Kikivuja au kikiwaka moto, king'ora kitalia vipi, tukimbilie upande gani, na zahanati yetu imeandaliwaje?

5. Vijana wetu watapewa mafunzo, barakoa, glavu na buti? Na kijana akisema "hapa panavuja", atasikilizwa au atafukuzwa?

Na lile eneo la bondeni, sisi hatuliafiki. Gesi nyingi za sumu ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Litafutwe eneo jingine, mbali na nyumba na maji.

Wako wanaoogopa kwamba masharti yatamkimbiza mwekezaji. Ndugu, anayekimbia maswali matano, siku ya hatari atakimbia vipi? Mwenye nia njema atajibu, tena atashukuru.

Lakini usalama uanzie nyumbani. Dawa zikae kwenye ghala la ushirika chini ya kufuli, mbali na nafaka. Galoni la dawa lisichotewe maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi. Litobolewe, lirudishwe ghalani. Na dawa isiwekwe kwenye chupa ya soda, mtoto hajui kutofautisha. Wanakisomo, kazi yenu hii: someni kibandiko kabla ya kufungua. Mkanda mwekundu chini ya kibandiko maana yake ni sumu kali mno. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, hapana aibu.

Ndugu, mwaka 2025 ndipo tani 337 za takataka za sumu zilizobaki kwenye kiwanda kile cha Bhopal zilimalizwa kuteketezwa, miaka 40 baada ya msiba. Kiwanda kilikufa zamani, sumu ikabaki na wenyeji. Shime, tuje wote mkutanoni, akina mama mbele, tuulize kabla ya kukubali. Kuuliza siyo ukaidi. Kijiji ni chetu, na watakaovuta hewa yake ni watoto wetu.

Katibu