Hati ya uwakili si wosia

Miongoni mwa mambo yaletayo fitina katika jamaa zetu, ni machache yanayoshinda mali ya marehemu. Matanga hayajaondolewa, nao ndugu wamekwisha kukabana makoo juu ya shamba, mifugo na fedha zilizo benki. Katikati ya ugomvi huo mara nyingi huchomolewa karatasi moja, naye aliyeishika hudai kwamba mzee alimpa mamlaka juu ya kila kitu. Karatasi hiyo ni hati ya uwakili. Yafaa tuseme wazi kwamba siku mzee alipokata roho, hati hiyo ilikufa pamoja naye.

Hati ya uwakili ni maandishi ambayo kwayo mtu humpa mwenziwe idhini ya kutenda kwa niaba yake. Wakili anayetajwa hapa si lazima awe mwanasheria; aweza kuwa mke, mwana, ndugu au rafiki. Idhini yaweza kuwa finyu, mathalani kuuza ploti moja tu, au ikawa pana na kugusa shughuli zote. Mwalimu aendaye kusoma ng'ambo aweza kumwachia nduguye idhini ya kukodisha nyumba yake na kuwalipia watoto karo. Ikiwa idhini hiyo yahusu kuuza ardhi, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeweka utaratibu wa kuisajili.

Hati hii basi ni ya walio hai, ilhali wosia huanza kunena mwenyewe anaponyamaza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haina mzaha juu ya jambo hili. Kifungu cha 45 chasema kwamba anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria anatenda kosa, na aweza kutozwa faini isiyozidi Sh10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Mwana aendaye kuuza shamba kwa hati aliyopewa na baba aliyekwisha kuzikwa yu hatarini, hata akidhani anawafaa nduguze. Njia iliyo halali ni kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi.

Kuna na fundo la pili. Kwa kanuni ya sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza, hati ya kawaida ya uwakili hukoma pia mwenyewe anapopotewa na akili. Yaani mzee anapougua maradhi ya kusahau, wakati anapomhitaji wakili kuliko wakati wowote, ndipo uwakili unapokatika! Jamaa hulazimika kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili ili ateuliwe mtu wa kusimamia mali yake. Waingereza wenyewe waliona kasoro hiyo, wakatunga sheria ya uwakili wa kudumu mwaka 1985, kisha wakaibadilisha kwa nyingine ya mwaka 2005.

Wako watakaosema kwamba uwakili wa aina hiyo ungewafungulia mlango walaghai. Hoja hiyo ina uzito, kwani si kila mwana ni mwema. Hata hivyo, dawa ya mlango mbovu ni kuutia komeo. Sheria yaweza kudai mawakili wawili watende pamoja, daktari athibitishe kwamba mtoaji alikuwa timamu alipotia sahihi, na hesabu zitolewe kila mwaka. Wabunge wetu wangefanya vyema kulitazama jambo hili.

Wakati huohuo, kila mtu mzima mwenye akili timamu na aandike wosia wake. Sheria yataka mashahidi wawili au zaidi, na hapa ndipo walimu wanapohusika hasa, kwa kuwa vijijini wao ndio waitwao kuandika na kushuhudia. Mwalimu ajue kwamba shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia huo hukipoteza, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Ajue pia kwamba wosia wa mdomo hufaa tu iwapo mwenyewe amefariki katika muda wa miezi mitatu, na kwamba mke au watoto walioachwa bila kitu waweza kumlilia hakimu awape riziki. Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya dini yao, ambayo hairuhusu wosia kupita thuluthi moja ya mali.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee aliyetoa hati ya uwakili bila kuandika wosia ameandika nusu tu ya daftari lake, na ile nusu iliyobaki huja kuandikwa na wanawe kwa ugomvi. Walimu na wanafunzi wasomao haya, waulizeni wazazi wenu mapema, kwa adabu, wangali wanaweza kujibu.