Mbona Twaupa Mlima Elgon Kisogo?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, mazungumzo katika vyumba vya walimu hapa Saboti na Kitale huwa ni yale yale. Mwenye uwezo hutaja Mombasa. Mwenye uwezo kiasi hutaja Nairobi au Kisumu, kwa jamaa zake. Asiye na uwezo husema ataenda nyumbani kuangalia shamba, na husema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. Wanafunzi nao hungojea basi la shule, ambalo likipatikana huwapeleka mwendo mrefu wakaione bahari kwa siku mbili, kisha huwarejesha wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka. Sina ugomvi na bahari. Ninalouliza ni kwa nini mtu anayetaka mapumziko, yaani utulivu, hewa safi, usingizi wa kutosha na gharama isiyomwachia deni, ayafuate umbali wa zaidi ya kilomita 800 ilhali anaamka kila asubuhi akiutazama mlima ambao hajawahi kuukanyaga.

Wenzetu wa Ulaya walikwisha kuling'amua jambo hili. Huko, likizo ya kipupwe ni ya kwenda milimani kuteleza thelujini, na kuna miji iliyovuma kwa mchezo huo: Chamonix ya Ufaransa, ambako michezo ya kwanza ya Olimpiki ya kipupwe ilifanyika mwaka 1924, na Zermatt ya Uswisi. Bei za huko si za mwalimu. Basi mwalimu wa Kifaransa au karani wa Austria hutafuta kijiji kidogo kisichotajwa sana, chenye duka moja na kanisa moja, ambako mkulima amepigilia kibao mlangoni kutangaza kwamba ana chumba cha kupangisha. Theluji ni ile ile na milima ni ile ile. Alichokikwepa ni gharama ya jina.

Msomaji asidhani kwamba theluji ni habari ya mbali mno nasi. Philip Boit, mwanariadha wa kutoka Eldoret, mwendo wa kama kilomita 70 tu kutoka Kitale, aliiwakilisha Kenya huko Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10 za kuteleza thelujini. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Lakini Mlima Elgon hauna theluji ya kudumu, wala simshauri mtu anunue mbao za kutelezea. Ninachokitamani kutoka Ulaya ni ile busara ya kijiji kidogo na kile kibao cha mlangoni.

Hebu tuutazame mlima wenyewe. Elgon ni volkeno iliyozimika zamani sana, na kitako chake ni kipana mno hata mtu aliye Kitale huenda asitambue kwamba tayari amesimama karibu na miguu yake. Kilele chake kirefu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda, nacho kina mita 4,321. Upande wetu kuna Koitobos, wenye mita 4,222 na kichwa bapa kama meza. Katikati ya vilele hivyo kuna kaldera, yaani lile bonde la duara linalobaki kilele cha volkeno kinapoporomoka ndani, na upana wake ni kama kilomita 8. Ndani ya bonde hilo mna chemchemi za maji moto, na humo ndimo uanziamo Mto Suam, ambao baadaye huitwa Turkwel na kumwaga maji yake Ziwa Turkana. Maji ya upande mwingine huingia Mto Nzoia na kuishia Ziwa Viktoria. Mlima mmoja, maziwa mawili.

Nimewahi kuketi nyuma ya darasa katika eneo hili nikimsikiliza mwalimu wa jiografia, hodari kwelikweli, akichora kaldera ubaoni kwa chaki. Dirishani mlima ulikuwa wazi kabisa, bila wingu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja katika darasa lile aliyekuwa ameufikia. Wote walikuwa wamekariri maana ya neno, na bila shaka wataliandika vyema katika mtihani. Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko habari ya fedha: kwamba tunawafundisha watoto ulimwengu kana kwamba unaanzia mahali pengine.

Mwenye nia ya kwenda hahitaji mengi. Kutoka Kitale kuna matatu za kwenda Endebess, na kutoka hapo lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, si mbali. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa ng'ambo. Ndani mna msitu wa podo wakubwa ajabu, na juu yake mianzi, na juu zaidi uwanda wa nyasi na lobelia ambako baridi ya usiku humfanya mtu akumbuke blanketi aliloliacha nyumbani. Mno ni yale mapango: Kitum, Makingeny na mengineyo. Kitum limeingia mlimani kiasi cha mita 200, na sehemu ya ukubwa wake ni kazi ya ndovu, ambao kwa vizazi vingi wameingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuibandua miamba kwa pembe ili wapate chumvi. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana, lakini alama za pembe zao zimebaki ukutani.

Hapa sina budi kusema ukweli wote. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru Kitum walipatwa na homa ya Marburg wakafariki, na kitabu cha Mmarekani Richard Preston cha mwaka 1994 kikaitangaza habari hiyo duniani kote. Wataalamu wamekuja kuthibitisha kwamba popo wala-matunda ndio wanaokivuga kirusi hicho. Kwa hiyo kiongozi wa safari ya shule na asiwaingize watoto ndani ya mapango yenye popo. Wasimame nje, watazame. Makingeny lina mdomo mpana na maporomoko membamba ya maji yanayoanguka mbele yake, na mtu anaweza kuyafurahia bila kugusa ukuta wa ndani. Mlima mzima hauwezi kuhukumiwa kwa shimo moja.

Na kwa asiyetaka kupanda, tambarare ina yake. Mashariki ya Kitale, karibu na Kipsaina, kuna Saiwa, mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita 3 za mraba tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka. Magari hayaingii. Mtu hutembea kwa miguu ukingoni mwa bwawa, akapanda jukwaa la mbao, akanyamaza. Nzohe hutoka alfajiri na jioni, na hawatokei penye kelele, kwa hiyo wanafunzi hufundishika ukimya bila kuchapwa wala kukemewa. Mjini Kitale kwenyewe kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1974, yakiwa na mikusanyo ya Kanali Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, vitabu na vitu vya wenyeji kwa miaka mingi, na nyuma yake pana kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembea. Upande wa kaskazini, kiasi cha saa moja kwa gari, kuna Kapenguria, ambako Jomo Kenyatta na wenzake watano, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko, walishtakiwa mwaka 1952 na kuhukumiwa mwaka 1953. Vyumba vya gereza walimofungiwa vimehifadhiwa. Kila mwanafunzi wa historia nchini hukariri majina hayo sita.

Bungoma nako si haba. Kule Webuye kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, na maporomoko ya Nabuyole ya Mto Nzoia yako jirani. Kimilili ndiko alikotoka Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, mtu ambaye wakoloni walimhamishia hadi Lamu kwa sababu ya maneno yake. Ukipanda kutoka Kimilili utafika Kapsokwony, kisha Kaptama, vijiji vya mlimani hasa, ambako ukungu huingia hadi uani na mwenyeji hukuandalia mursik kabla hajakuuliza umekuja kwa nini.

Lakini je, mgeni atalala wapi? Hapo ndipo penye pengo. Mjini Kitale na Bungoma nyumba za kulala wageni zipo za kila bei. Vijijini ni chache mno, na wengi wakisikia neno utalii huwaza hoteli ya ghorofa na bwawa la kuogelea. Jirani zetu wametupita. Huko Sipi, upande wa Uganda wa mlima huu huu, katika wilaya ya Kapchorwa, wenyeji ambao ni ndugu wa damu na lugha wa Wasabaot wetu wamekuwa wakiwapokea wageni kwa miaka mingi katika vibanda na vyumba vya kawaida karibu na maporomoko yao matatu ya maji. Kijana wa kijiji humwongoza mgeni kwa malipo, mama humwonyesha jinsi ya kukaanga na kutwanga kahawa ya shambani kwake, na shilingi hubaki pale pale. Mlima ni mmoja. Sisi wa huku tumekaa tukingoja mwekezaji.

Pendekezo langu ni la mwalimu, si la mwekezaji. Shule zetu za bweni hubaki na vitanda vitupu kila Aprili, Agosti na Desemba. Bodi ya shule iliyo Saboti au Kapsokwony ingeweza kukubaliana na shule ya Kakamega au Nakuru: wanafunzi wenu kumi na tano na walimu wawili walale kwetu siku nne, walete unga na maharagwe yao, walipie maji na mlinzi, na wetu waje kwenu likizo ijayo. Gharama inayobaki ni nauli na ada ya mbuga. Walimu wanaosafiri na jamaa zao nao wangeelekezwa kwa wenyeji wenye chumba safi na choo safi, kwa bei inayojulikana mapema. Serikali za kaunti, badala ya kutuahidi hoteli kila uchaguzi, zingesaidia zaidi kwa kuweka vibao njiani, kukarabati madaraja na kuwapa vijana waongozaji mafunzo ya huduma ya kwanza.

Wapo watakaonikumbusha usalama. Wana haki. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mlima huu ulilia: wapiganaji wa SLDF waliua na kukata watu masikio kwa sababu ya ugomvi wa ardhi, kisha operesheni ya jeshi ya Machi 2008 ikaacha malalamiko yake ya mateso na ya watu waliopotea. Kabla ya hapo kulikuwa na mapigano ya mwaka 1991 na kuendelea. Wageni walikoma kuja, na jina la mlima likawa sawa na hofu. Miaka mingi imepita, lakini hofu hukaa kuliko vita. Sidhani kwamba mgeni anayekuja kutembea anapaswa kufichwa habari hizo. Mwalimu anayewaleta wanafunzi na awaambie, na awaambie pia kuhusu Waogiek wa Chepkitale, ambao kesi yao ya ardhi imezunguka mahakamani miaka na miaka, ili wajue kwamba msitu wanaoupiga picha una watu wanaouita kwao.

Nina wasiwasi mmoja, na sitaki kuuficha. Kukitaja kijiji tulivu gazetini ni kuanza kukiharibu. Nimeona kwingineko mahali pazuri pakigeuzwa kuwa pa spika kubwa na chupa zilizovunjika, na wenyeji wakiuza vipande vyao vya shamba kwa watu wa mbali kisha kuajiriwa humo humo kukata nyasi. Ndiyo maana napendelea wageni wa kwanza wawe walimu na wanafunzi. Kundi dogo, lenye madaftari, linalolala saa tatu usiku. Bei iwe ya chini lakini isiwe ya bure, maana mwenyeji anayepokea wageni bure huchoka mapema.

Kwa atakayenisikia, ajue pia majira. Mvua za huku huanza Machi na huendelea kwa miezi mingi, kwa hiyo Aprili njia za mlimani huwa tope tupu. Agosti bado kuna mvua za alasiri, lakini mahindi mabichi huwa yameiva na kila kona ya barabara kuna jiko la kuyachomea. Anayetaka kufika Koitobos na angoje Desemba hadi Februari, anga likiwa safi. Mikutano ya kupanga safari za mwaka ujao hufanyika muhula huu wa tatu, na katika shule nyingi karatasi ya Mombasa tayari imekwisha kubandikwa ukutani. Nawaomba walimu wakuu wa Trans Nzoia na Bungoma wabandike na ya pili kando yake, yenye nauli ya kwenda Endebess, kisha wawaachie wazazi walinganishe hesabu.