Ufundi pia kwa vijana wenye ulemavu wa akili

Mhariri,

Kijana wa jirani yangu hapa Tunduma alimaliza darasa la elimu maalumu, akarudi kukaa uani. Mikono yake inajua kazi: hufungua tairi la bajaji na kulirudisha, nati zote mahali pake. Kinachomshinda ni mtihani wa kuandika.

Vyuo vya ufundi kwa wenye ulemavu vipo, ila cha Yombo kiko Dar es Salaam na cha Sabasaba kiko Singida. Mzazi gani wa wilaya ya Momba au Ileje atampeleka huko mtoto asiyeweza kupanda basi peke yake? Mkoa wetu wa Songwe uanzie kwenye vyuo vilivyopo karibu: mwalimu msaidizi karakanani, upimaji wa vitendo. Na kutoka ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wenye ulemavu, vijana hawa nao wakopeshwe, wazazi wakiwasimamia.

Mzazi,
Tunduma