Shahada ya Kocha na Umri Wake

Mwandishi aliyedai kwamba kocha akishafunzwa huduma ya kwanza mara moja imemtosha, na kwamba kumrudisha darasani kila baada ya miaka miwili ni kumsumbua bure, nasema kwa taadhima kuwa ameghafilika, kwani ustadi wa kukandamiza kifua hufifia katika miezi michache usipozoewa, hata kama shahada ingali inaning'inia ukutani. Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, moyo wa mwanasoka wa Denmark, Christian Eriksen, ulisimama uwanjani, akakandamizwa kifua, akashtuliwa kwa umeme, akanusurika. Lakini pale matabibu walikuwa kando ya uwanja. Je, katika kiwanja cha shule, ambako tabibu hayupo wala gari la wagonjwa haijulikani litawasili saa ngapi, nani aliye karibu na mtoto aliyeanguka ila kocha wake? Na kila dakika ipitayo pasipo msaada, tumaini la uhai hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10! Alipolalamikia gharama za mafunzo hayo, amesema kweli. Basi na zibebwe na vyama vya michezo, asitozwe kocha anayejitolea.